Feni ya Umeme kwa Gari la Zamani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari lako linachemsha wapi? Jibu swali hilo kabla hujatoa hata shilingi moja. Kama Land Rover Series III au Peugeot 504 yako inapandisha joto kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, kisha geji ikashuka yenyewe mara njia inapofunguka, basi rejeta inakosa hewa gari linaposimama. Huo ndio ugonjwa ambao feni ya umeme inautibu. Lakini kama geji inapanda ukiwa unakwenda kilomita 80 kwa saa barabara tambarare, usinunue feni. Kwa mwendo huo upepo unaoingia kwenye grili ni mwingi kuliko utakaovutwa na feni ya dukani, na bado injini inachemka. Kasoro iko kwenye maji, si kwenye hewa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wengi wakifunga feni kubwa, kisha mbili, huku rejeta imejaa kutu na chokaa ya maji ya bomba. Rejeta za magari haya nyingi ni za shaba, na uzuri wake ni kwamba fundi rejeta anaweza kuyeyusha risasi, akafungua tangi la juu na la chini, akachokonoa mrija mmoja mmoja, kisha akayaunga upya. Kazi hiyo huponya magari mengi kuliko feni. Kuna njia rahisi ya kujua kama mirija imeziba: pasha injini hadi ifikie joto lake la kawaida, izime, kisha sogeza kiganja taratibu mbele ya rejeta bila kuigusa. Ukikuta eneo la baridi katikati ya eneo la moto, hapo maji hayapiti.

Angalia pia hozi ya chini. Ikiwa imelegea kwa uzee, pampu inapovuta kwa kasi hozi hujibana na kufunga njia ya maji, na hilo hutokea ukiwa mwendoni, si kwenye foleni. Kagua taimingi, maana moto ukichelewa kuwaka joto huishia kwenye hedi na egzosti. Kagua mapanga ya pampu ya maji, ambayo kutu huyala mpaka yakabaki vijiti. Kagua na mfuniko wa rejeta, ambao nitaurudia hapa chini kwa sababu watu huudharau sana.

Ukishajiridhisha kwamba maji yanazunguka vizuri na bado foleni inakutesa, endelea kusoma.

Feni aliyoifunga mtengenezaji huzungushwa na mkanda, kwa hiyo kasi yake hufuata kasi ya injini. Kwenye foleni injini inazunguka mara 700 au 800 kwa dakika, na feni nayo inajikokota wakati ambapo rejeta inahitaji hewa zaidi ya wakati wowote. Kwenye barabara kuu mambo hugeuka: feni inazunguka kwa nguvu zote ingawa upepo wa mwendo unatosha, na inakula nguvu ya injini bure. Nguvu inayoliwa na feni hupanda kwa kasi ya kutisha, kwani ukiongeza mzunguko mara 2, nguvu inayohitajika huongezeka mara 8. Feni ya umeme haifungamani na injini. Inazunguka kwa kasi kamili gari likiwa limesimama, na inazimika safari ikichanganya.

Wenye Peugeot 504 nawaomba wasubiri kidogo. Gari hilo, lililoanza kuuzwa mwaka 1968 na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kwa sehemu kubwa lilitoka kiwandani na feni inayoshikwa na sumaku ya umeme, kama ndugu yake 404. Swichi ya joto kwenye rejeta ndiyo huamuru sumaku ishike feni au iiachie. Mfumo huo ni mzuri sana, ila kwenye nyingi zilizopo barabarani leo swichi imekufa, brashi ya kaboni imekwisha, au fundi ameibana feni moja kwa moja ili asisumbuke. Tengeneza hicho ulichonacho kwanza. Brashi na swichi ni gharama ndogo kuliko feni mpya, na gari litabaki kama lilivyobuniwa.

Umeme unatosha?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Feni ndogo ya inchi 10 au 12 hula takriban ampia 7 hadi 10. Feni kubwa ya inchi 16 inaweza kufika ampia 15 hadi 20. Inapoanza kuzunguka huvuta mara 2 au 3 ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Ampia hizo zitatoka wapi?

Chukua Land Rover ya kabla ya Series III yenye dinamo ya Lucas C40. Dinamo hiyo hutoa ampia 22 injini ikikimbia. Sasa fikiria usiku wa mvua: taa kubwa mbili za wati 55 zinakula ampia 9, taa ndogo 2, waipa 3, koili ya moto 4 hivi. Tayari ni 18. Ongeza feni ya ampia 10, umefika 28, na dinamo haina. Hata hivyo hesabu hiyo bado inaipendelea dinamo, kwa sababu feni itawaka wakati gari limesimama, na kwa mzunguko huo wa chini dinamo haitoi kitu cha maana. Ndiyo sababu taa nyekundu ya chaji humulika kwenye foleni. Feni itaendeshwa na betri peke yake. Foleni ya saa nzima itakuacha barabarani na gari lililopoa vizuri lisilowaka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gari lenye dinamo lisifungwe feni ya umeme. Ama ubadilishe dinamo uweke oltaneta, ama uiache feni ya mkanda na uitafutie kava nzuri. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ilikuja na oltaneta, na za Lucas za miaka ile kama 16ACR hutoa ampia 34, 18ACR zaidi ya 40. Hizo zinabeba feni moja ya wastani. Lakini namba ya oltaneta nayo ni ya injini inayokimbia. Gari likiwa limesimama hutoa pungufu sana. Usikisie. Mwombe fundi umeme aweke mita kwenye betri, injini ikiwa kwenye mzunguko wake wa chini, taa zote zimewashwa, waipa zinafanya kazi. Volti zikibaki juu ya 13, una nafasi. Zikiteremka chini ya 12.5 kabla hata feni haijafungwa, anza na oltaneta.

Jambo jingine la kuangalia kwenye magari ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 ni upande wa betri ulioungwa kwenye bodi. Mengi yaliunganishwa chanya, tofauti na leo. Mota ya kawaida ya feni yenye waya 2 itazunguka kinyume ukikosea, hivyo unabadilisha waya tu. Rilei zenye dayodi ndani hazisamehi kosa hilo. Tafuta isiyo nayo.

Ukubwa, kava na upande wa kufunga

Pima wavu wa rejeta, si rejeta nzima pamoja na matangi. Tuseme umepata sentimita 45 kwa 42, yaani eneo la sentimita za mraba 1,890. Feni ya inchi 12 inafunika takriban 730 tu kati ya hizo, chini ya asilimia 40. Ya inchi 16 inafunika karibu 1,300, kama asilimia 69. Ikifungwa bila kava na kubanwa kwenye wavu, feni huvuta hewa kwenye duara lake pekee, na pembe zote za rejeta zinabaki bila kazi. Kava inayofunika wavu wote, yenye kina cha sentimita 3 hadi 5 kati ya wavu na mapanga, inaifanya feni ya inchi 14 ishinde ya inchi 16 isiyo na kava. Kama pesa inatosha kitu kimoja, punguza feni, nunua kava. Fundi bati yeyote mzuri anaweza kukutengenezea ya alumini kwa vipimo vyako. Mwambie atoboe matundu machache pembeni na kuyafunika kwa vipande vya mpira vyepesi: gari likisimama feni huvivuta vikajifunga, likienda kasi upepo huvisukuma vikafunguka, hivyo kava haigeuki kuwa kizuizi.

Ifunge nyuma ya rejeta, upande wa injini, ikivuta. Feni ya kusukuma inayokaa mbele inakinga upepo wa safari kwa mota na mapanga yake, na inapokea matope na mawe yote. Kuna hali mbili tu ninazozikubali za kufunga mbele: nafasi kati ya rejeta na puli ya pampu ikiwa haitoshi, au ukitaka kuacha feni ya kiwandani mahali pake, hiyo ya umeme iwe msaidizi wa foleni tu. Hali hii ya pili inawafaa wanaotunza gari kama lilivyotoka kiwandani, maana ukiiondoa kesho hakuna alama inayobaki.

Mini ya zamani ni habari ya peke yake, kwa kuwa rejeta yake imekaa ubavuni na feni yake inasukuma hewa kuelekea kwenye tairi. Hakikisha hewa ya feni utakayoongeza inaelekea upande uleule, la sivyo zitapigana.

Pima nafasi ya kina kwa uangalifu. Injini imekaa juu ya mipira na hucheza unapokanyaga mafuta au kufunga breki, kwa hiyo acha angalau sentimita 2 kati ya mgongo wa mota na kitu chochote kilicho mbele ya injini. Ukiondoa feni ya zamani, usirudishe boliti zilezile kwenye puli bila kuangalia. Unene wa feni ukishaondoka, boliti hizo huweza kuzama hadi kukwaruza bodi ya pampu. Weka fupi, au washa za kutosha.

Kuhusu kiasi cha hewa, wauzaji huandika futi za ujazo kwa dakika au mita za ujazo kwa saa. Futi 1 kwa dakika ni sawa na mita 1.7 kwa saa. Namba kubwa iliyo kwenye boksi hupimwa feni ikipuliza hewani, bila rejeta mbele yake. Ikiwekwa nyuma ya rejeta nene hewa hupungua sana, na feni dhaifu hupungua zaidi. Watengenezaji makini, kama SPAL wa Italia, hutoa jedwali linaloonyesha hewa na ampia kwa kila kiwango cha mgandamizo. Feni isiyo na jedwali iamini kwa ampia zake: inayodai hewa nyingi kwa ampia 5 inakudanganya, kwa sababu hewa haisogei bila nguvu.

Mtumba au mpya?

Feni nyingi zilizoko Gerezani kwa Dar es Salaam au Grogan kwa Nairobi zimetoka kwenye magari madogo ya Kijapani, ambayo injini yake imelala kwa upana na haiwezi kuzungusha feni ya rejeta kwa mkanda. Mimi nazipendelea kuliko feni mpya za bei ya chini zisizo na jina. Zilitengenezwa kudumu miaka mingi, na mara nyingi zinauzwa pamoja na kava yake. Nenda na futi kamba na vipimo vyako, kwa kuwa rejeta za magari hayo ni pana na fupi kuliko za Land Rover.

Chagua yenye waya 2. Zenye waya 3 au 4 kutoka magari mapya huongozwa na kompyuta, na bila kompyuta hiyo ni mzigo. Mwambie muuzaji akuwekee kwenye betri pale pale. Shika mota usikie mtetemo, tikisa shafti uone kama inacheza, sikiliza kama mapanga yanagusa kava, na kama ana mita ya kubana waya, soma ampia. Feni inayokula nyingi mno kuliko wenzake wa ukubwa huo ina beringi inayokufa. Mwisho weka karatasi nyuma na mbele ujue hewa inaelekea wapi. Ukigeuza waya ili feni ya kuvuta isukume, itazunguka kinyume lakini mapanga yaliyopindwa kwa upande mmoja yatafanya kazi kivivu.

Swichi ya joto na miinuko

Swichi ya joto huandikwa namba mbili. Zinazopatikana kwa wingi ni 92-87: huwasha feni kwenye nyuzi 92, huizima maji yakishuka hadi 87. Kanuni ni kwamba namba ya kuzima lazima iwe juu ya joto la kufunguka kwa themostati. Injini nyingi za zamani zina themostati ya 82, na kwa hiyo 92-87 inafaa ikikaa kwenye hozi ya juu au tangi la juu. Ikikaa tangi la chini, inasoma maji yaliyokwisha kupoa, basi chagua ya nyuzi za chini zaidi. Kwa swichi ya juu, ukiweka inayozima chini ya joto la themostati, feni haitazimika maisha yake yote.

Sasa turudi kwenye mfuniko. Mombasa na Dar maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye 94 hivi, na ukipanda hadi Timboroa, penye mita zaidi ya 2,700, ni kama 91. Kinachokuokoa ni mgandamizo: mfuniko wa pauni 7 ulio mzima huisogeza chemko ya Nairobi hadi karibu 107. Mfuniko ambao mpira wake umekauka haushiki kitu. Gari la namna hiyo likipanda mlima, maji yataanza kuchemka kabla swichi ya 92 haijapata habari, na mwenye gari atailaumu feni. Nunua mfuniko mpya wenye pauni zilezile zilizoandikwa na mtengenezaji. Usipandishe pauni ukidhani unasaidia, rejeta ya miaka 50 itapasuka kwenye maungio. Weka na kulanti badala ya maji matupu.

Kufunga waya

Magari mengi huungua kwa waya mbaya, kwa hiyo hapa sina upole. Feni isipate umeme kutoka kwenye swichi ya funguo. Waya mnene wa milimita za mraba 4 utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, uingie kwenye rilei mguu wa 30, utoke mguu wa 87 kwenda kwenye feni. Mguu wa 86 upate umeme mdogo wa funguo, wa 85 uende kwenye swichi ya joto kisha bodi. Waya wa kurudi kutoka kwenye feni uwe mnene vilevile na ufungwe kwenye chuma kilichosuguliwa rangi, au urudi betri moja kwa moja. Fyuzi ifuate maelekezo ya feni; kwa feni ya ampia 12 hivi mara nyingi ni ya 20 au 25, ili ihimili mshtuko wa kuanza.

Ukifunga hivyo feni itazimika ukizima gari. Wapo wanaopenda iendelee kupoza injini iliyozimwa, lakini kwa betri na oltaneta za zamani mimi siungi mkono. Ninachounga mkono ni swichi ya mkono kwenye dashibodi, yenye taa ndogo, ili dereva awashe swichi ya joto ikifa, na aizime feni kabla ya kuvuka maji. Mapanga yakikutana na maji ya mto kwa kasi yanaweza kupinda na kuingia kwenye rejeta.

Usikubali vipini vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya wavu wa rejeta. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, uzito wa mota huvifanya visugue mirija mpaka ivuje. Feni ibebwe na vyuma vilivyofungwa kwenye fremu ya rejeta, na raba katikati.

Kazi ikiisha, acha gari limesimama juani saa nane mchana mpaka feni iwake. Pima volti kwenye plagi ya feni yenyewe: zikipungua zaidi ya nusu volti kuliko za betri, waya ni mwembamba au bodi haishiki. Kisha angalia inavyowaka na kuzima. Ikiwaka dakika chache na kuzima, umechagua vizuri. Ikiwaka isizime huku geji ikipanda taratibu, hewa haitoshi. Angalia kava kabla ya kutafuta feni kubwa zaidi.

Feni ya zamani, boliti zake na mkanda wake viweke pamoja kwenye boksi, na rilei moja ya akiba na fyuzi mbili zikae ndani ya gari siku zote. Rilei hufa bila taarifa, na njiani kati ya Chalinze na Segera hakuna wa kukuuzia.